Mustafe Bado Anasalimia

Garissa, 14 Januari 2025

Abti Nunow, mjomba wangu mpendwa,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai magoti yako yametulia na wajukuu wamekuachia angalau kiti kimoja cha kukalia. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Abdinasir anakusalimia. Duka lake la vipuri vya tuktuk linamkondesha yeye na kuninenepesha mimi, maana siku akirudi na hasira hali kitu, na chakula cha wawili kinanisubiri mimi. Mama yuko vilevile. Anaswali, anapika, anasema kidogo. Ijumaa nikienda kumwona ananiandalia mikate ya anjera, kisha ananiangalia nikila. Jina la ndugu yangu Mustafe halitaji, nami silitaji mbele yake.

Nilikupigia simu hadi nikachoka, ndipo Halake wa lori la mbuzi akaniambia mlingoti wenu wa mtandao ulianguka na hakuna anayejua utasimamishwa lini. Basi yeye ndiye posta yetu sasa. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu najua nikikuandikia Kisomali utasema ualimu wako wote ulipotea bure.

Abti, unalikumbuka Zizi, lile jukwaa la mashabiki wa Ngamia FC ambalo Mustafe alilianzisha mtandaoni. Alinifanya naibu wake kwa kuwa, alisema, kila msimamizi anahitaji mtu wa kulaumiwa. Tangu Novemba, maji ya lagha, lile korongo kavu, yalipomchukua akirudi kutoka mechi ya Kotile, nimebaki nalo peke yangu. Kuchunga ngamia wa kweli ni rahisi zaidi. Nikiwa kazini, pale kwenye duka la fotokopi, mkono mmoja unatoa nakala za wanafunzi na mwingine unafuta matusi. Mtu akikosa bao anatukanwa yeye, kisha babu yake, kisha ukoo mzima, na hapo ukichelewa kidogo tu mpira umegeuka vita. Matangazo ya kamari yanaingia kama chawa. Programu yenyewe ni kuukuu, na aliyejua inavyotengenezwa ni yule tuliyemzika.

Hayo nayaweza. Ninaloshindwa ni hili. Tangu Desemba, kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, Mustafe anasalimia Zizini. Namaanisha akaunti yake, kwa jina lake na picha yake ya jezi ya kijani. Anaandika, "Asalaam aleikum wanazizi. Mumeamka boa?" Vilevile alivyokuwa akiandika, na ile "boa" yake badala ya "poa" ambayo nilimtania miaka yote. Wengi wetu p hutushinda, lakini hakuna mwingine anayesalimia hivyo. Watu wanaogopa kumjibu, na wanaogopa kutomjibu, kwa sababu salamu ni deni. Mwishowe wote wanajibu. Asubuhi kwenye simu yangu kunakuwa na safu ndefu ya waaleikum salaam kwa maiti, nami naitazama hadi chai inapoa mkononi.

Wewe ulikuwa umeshuka na mbuzi wiki ile, na ndiwe uliyemleta kutoka Kotile. Sijawahi kukuuliza. Simu yake iliingia majini pamoja naye?

Ni mimi mpwa wako, abti yako,
Kinsi


Griftu, 1 Februari 2025

Abti Kinsi,

Waaleikum salaam. Magoti yangu ni yale yale, moja linatabiri mvua na lingine linalikanusha. Hodan amepata mjukuu wa kiume kwa binti yetu mdogo, na nyumba nzima inanuka maziwa. Mvua imetupita kwa mbali. Sokoni mbuzi wamejaa na wanunuzi hawapo, kwa hiyo Halake anateremka na lori nusu.

Barua yako ilinifikia ikiwa ukurasa mmoja. Halake anaapa kwamba pale Habaswein mbuzi aliingiza kichwa kwenye mfuko wake akala wa pili. Nimesoma hadi kamari inapoingia Zizini, baada ya hapo nimesoma meno.

Kiswahili chako ni kizuri. Umepunguza haraka uliyokuwa nayo darasa la sita.

Kwa shauri lako la jukwaa, nakwambia nilichowaambia walimu vijana nilipokuwa mkuu wa shule. Usijibu tusi kwa hotuba. Lifute, endelea na somo. Na asubuhi jibuni salamu, hakuna aliyewahi kufa kwa kujibu salamu. Mama yako mpelekee maziwa ya ngamia, asikatae.

Abti yako,
Nunow


Garissa, 16 Februari 2025

Abti,

Salamu nyingi, na hongera kwa mjukuu. Mwenyezi Mungu amkuze. Abdinasir amempelekea kofia ndogo, imo kwenye bahasha, kama mbuzi hakuitamani. Mama nilimpelekea maziwa na alikunywa. Amekonda kidogo lakini asubuhi ana uso mzuri, ana nuru ambayo sikuitarajia. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa tuje kwa mbuzi wako. Abti, wewe uliyetufundisha ufahamu, unaniambia ulisoma hadi kwenye kamari tu. Habari za salamu za asubuhi ziko chini ya kamari, kwenye ukurasa ulioliwa. Basi ulijuaje kuna salamu za kujibiwa? Mbuzi alikusimulia? Sikukasirika, nilicheka peke yangu hadi wateja wakanitazama. Kisha nikaacha kucheka. Narudia swali langu na safari hii naliweka kwenye ukurasa wa kwanza: simu ya Mustafe iko wapi?

Mambo yamezidi. Jumamosi Ngamia waliwafunga wageni mabao mawili kwa moja. Zizi lilikuwa sherehe. Diriye, yule tunayemwita Mzee Benalti kwa sababu hajawahi kuona mechi asidai benalti, aliandika, "Leo hata refa amebenda haki." Watu wakawa wanacheka. Katikati ya vicheko hivyo akaunti ya Mustafe ikaandika maneno mawili tu.

"Hooyo, tumeshinda."

Kuna walimu na maaskari wa bara humo, wakauliza hooyo ni nini. Mtu akawajibu, "Ni mama. Marehemu anambelekea mamake habari." Abti, nilikaa chini kwenye sakafu ya duka. Huyu ni ndugu yangu, kila bao alilolishangilia alikimbia nyumbani kumwambia mama, na sasa anamwita kutoka alipo na mama hasikii. Sikumwambia mama. Ningemwambiaje?

Diriye amenipa sharti. Amesema si halali kucheza na jini, na mimi nikiendelea kumwacha ni kama namfuga. Nifute akaunti, ama yeye na wenzake wanahama. Wengine wananong'ona kwamba ni mimi ninayeandika, ili Zizi lisife. Kitufe cha kufuta ninacho. Programu hii ukimfuta mtu inafuta na kila alichowahi kuandika, ripoti zote za mechi, mizaha yote. Nimekibonyeza mara nyingi, ikaniuliza kama nina hakika, nikarudi nyuma.

Nijibu, abti. Nakuomba.

Kinsi


Griftu, 9 Machi 2025

Abti Kinsi,

Ramadhani karim. Saumu inakwenda vizuri, joto ni kali. Kofia ilimfaa mtoto. Hodan anakuombea dua kila futari.

Usimfute. Usimfungie wala usimguse. Umenielewa.

Hilo uliloliuliza si langu kulitoa. Nilipewa amana na mdomo wangu nimeufunga. Unajua vile mimi ni mtu wa maneno mengi, basi jua kwamba kunyamaza huku kunaniuma.

Nunow


Garissa, 10 Aprili 2025

Abti,

Iddi njema, ingawa imepita. Natumai mlichinja na mkala salama. Barua yako ya Ramadhani nimeipata juzi tu, Halake alikuwa amekwama na gia. Imenikuta nikiwa nimeshatenda.

Nilimfungia. Sikumfuta, roho ilikataa, lakini kabla ya Iddi niliifunga akaunti ili isiweze kuandika. Asubuhi iliyofuata Zizi halikuwa na salamu. Watu waliingia wakazungumza juu ya mpira, mpira tu, na Diriye akanishukuru mbele ya wote. Ndicho nilichokitaka. Siku ile nilihisi nimemzika Mustafe mara ya pili, na mara hii nilikuwa nimeshika sepetu mimi.

Naandika hivi kwa sababu ya mama. Hajambo si neno la kumsemea tena. Tangu karibu na Iddi hali chakula. Anakaa kwenye mkeka, amegeukia ukuta, mkono ameuficha ndani ya nguo kifuani kama mtu anayeshika kidonda. Tulimpeleka hospitali, wakampima damu, shinikizo na sukari, wakasema hana ugonjwa wanaouona. Nikimuuliza anasema, "Watu wamemchoka." Namuuliza ni nani, anageukia ukuta tena. Jana alikataa hata maziwa. Abti, nimempoteza mmoja na mwaka haujatimia. Siwezi tena. Ninaogopa na sina wa kumwambia isipokuwa wewe na karatasi.

Kinsi


Griftu, 17 Aprili 2025

Kinsi,

Mfungulie sasa hivi. Usimalize barua kwanza. Fungua, kisha rudi usome.

Umefungua? Sasa sikiliza.

Simu haikuingia majini. Mustafe aliiacha ikichajiwa kwenye duka moja Kotile, akaisahau, gari likaondoka. Mwenye duka alinikabidhi pamoja na chaja yake. Nilimpa mama yako. Aliniapisha nisimwambie mtu, na wewe hasa, kwa kuwa wewe ni mtu wa kupanga mambo na ungempangia na hili.

Utasema mama hajui kusoma. Ni kweli. Lakini simu ile inamjua Mustafe. Ukigusa mahali pa kuandikia inakuletea neno alilozoea kuanza nalo, ukiligusa inakuletea linalofuata. Nilimwonyesha mwenyewe kabla sijarudi Griftu. Anagusa neno, linakuja jingine, na kila linalokuja ni la mwanawe. Hata ile boa, hata tumeshinda ya siku za mechi. Hakutunga kitu. Neno moja tu aliniomba nimfundishe herufi zake, tukaliandika kwa kijiti kwenye mchanga wa ua hadi likamkaa mkononi. Hooyo.

Nawe ulilisoma upande mmoja, wewe na Zizi lako lote, watu wazima mliolelewa na mama wa Kisomali. Mimi nakuandikia Abti, wewe waniandikia Abti, na hakuna kati yetu anayejiuliza ni nani mjomba. Ijumaa ukiingia mlangoni mama yako anakuitaje? Anakuita hooyo. Mama humwita mtoto kwa jina la mama. Yule aliyeandika siku ya ushindi si mtoto aliyemwita mamake. Ni mama, aliyesikia shangwe mtaani, akimwambia mwanawe kwamba wameshinda.

Nimevunja amana. Bora hiyo ivunjike kuliko yeye. Nimemwambia Halake asilale njiani.

Nunow


Garissa, 4 Mei 2025

Abti mpendwa,

Asalaam aleikum. Anakula. Naanza na hilo kwa sababu najua umekaa ukilisubiri. Anakula, na jana alinigombeza kwa chumvi.

Nilifungua nikiwa nimesimama kwenye kaunta, kisha nikaenda kwake moja kwa moja na buibui langu limejaa wino wa mashine. Nilimwambia, "Hooyo, nipe mkono uliouficha." Akautoa, na simu ilikuwa ndani yake. Kioo kimepasuka pembeni. Nilipoifungia akaunti ilimletea maandishi mekundu, naye hakuweza kuyasoma. Alidhani watu wote wamekubaliana kutomjibu Mustafe. Alikuwa akifa kwa sababu hiyo, abti, na mimi ndiye niliyekuwa nikipokea shukrani za Diriye.

Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Siku za tanzia watu walijaa uani. Walimwombea, wakakunja mikeka, wakaenda. Sikuwalaumu, watu wana kazi. Lakini kule ndani kila asubuhi wanamwambia na iwe juu yako amani. Wakubwa, wadogo, hata askari. Mtoto wa nani aliyekufa anaombewa na watu wengi hivyo kila siku?" Hajui kusoma majibu, lakini analijua umbo la waaleikum salaam. Kila likiingia anateremsha punje moja ya tasbihi. Asubuhi nyingine tasbihi inazunguka yote.

Nikamwambia, basi niwaeleze wanazizi, waondokane na hofu ya majini, nami niondokane na maneno yao. Akakataa. Akasema, "Ukiwaambia ni mimi, watanijibu mimi. Mimi niko hai. Sina haja."

Kwa hiyo nimenyamaza. Asubuhi iliyofuata Mustafe alisalimia, na Diriye akaandika, "Msimamizi amerudisha jini lake. Mimi natoka, Mungu ni shahidi." Ametoka, na kundi zima limemfuata. Waliobaki wananiogopa kidogo. Matangazo ya kamari yamerudi, nayafuta. Nasimamia jukwaa ambalo wenyewe wanaamini nimelitia mkosi, na sitawaeleza. Hata Abdinasir nilimwambia kwa shida.

Na wewe nimekukasirikia sana, usidhani nimesahau. Mbuzi wa Habaswein nitamdai mbele ya Hodan. Lakini mama amesema anataka kukaa nawe kidogo, aone mjukuu. Atakuja kwa basi baada ya wiki mbili tatu hivi. Nilimkumbusha kwamba kwenu hakuna mtandao. Aliipangusa simu kwa pindo la nguo. Kisha akasema, "Nitajaribu kwenda."

Kinsi


Garissa, 29 Mei 2025

Abti,

Natumai mama amefika salama na miguu haikuvimba. Mwambie kuku wake wanataga, na jirani anamwagilia mimea. Barua hii msomee yeye. Soma polepole.

Hooyo, asubuhi baada ya wewe kuondoka niliamka mapema nikafungua Zizi. Alfajiri ilipita. Jua likapanda juu ya bati la duka na Mustafe hakusalimia. Nilijua hatasalimia, hata hivyo nilitazama kama mtu anayetazama barabara. Ningeweza kuandika mimi, kwa jina lake, kitufe ninacho. Nilikataa kwa sababu ingekuwa uongo, na wewe hukuwahi kusema uongo mle ndani hata mara moja.

Wachache waliobaki wakaanza kuingia. Mmoja akauliza, "Mustafe hajaamka?" Hakuna aliyemjibu. Nikadhani sasa imekwisha, watapumua, watashukuru Mungu kama walivyoshukuru kabla ya Iddi.

Ndipo Diriye akaingia. Mzee Benalti mwenyewe, aliyetoka kwa kiapo. Sijui nani aliyempa habari. Alikaa kitambo, naona alama kwamba anaandika, inapotea, inarudi. Kisha akaandika:

"Waaleikum salaam Mustafe. Tumeamka boa."

Hakuna aliyemsalimia, hooyo. Alijibu salamu ambayo haikutolewa. Na nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, hata wale waliohama naye, hata maaskari, waaleikum salaam, waaleikum salaam, hadi ukurasa ukajaa na mwanafunzi aliyekuja kutoa nakala akaniuliza kama nimefiwa. Kesho yake wakafanya hivyo tena. Leo pia. Hakuna anayeulizia jini. Sijui kama Diriye alitambua muda mrefu au alikosa tu kitu alichokizoea. Sitamuuliza.

Hooyo wako,
Kinsi


Griftu, 11 Juni 2025

Abti Kinsi,

Waaleikum salaam. Sote wazima. Mama yako amembeba mjukuu hadi mtoto amesahau nyumba yao. Hodan anataka kusikia kesi ya mbuzi na mimi nakana mashtaka.

Siku za kwanza alikuwa akipanda kila asubuhi pale kwenye kichuguu nyuma ya shule, na simu mkononi, akiinyoosha juu. Nilimwambia hakuna kitu. Akasema anajua, na kesho yake akapanda tena.

Barua yako nilimsomea uani. Nilipofika kwa Diriye aliniambia rudia. Nikarudia. Akasema rudia. Mara ya tatu alikuwa ameshika tasbihi, na kila niliposoma waaleikum salaam aliteremsha punje, pale kwenye mkeka wangu, bila mtandao wala simu. Sikuweza kumaliza kusoma, nilimpa Hodan amalizie.

Jioni aliniuliza mlingoti utasimamishwa lini. Nikamwambia hakuna anayejua, pengine mwaka huu, pengine mwakani. Akasema haina haraka.

Kesho yake hakupanda kichuguu. Aliswali alfajiri, akarudi kulala, na akalala hadi jua lilipofika mlangoni. Tuliwaambia watoto wanyamaze.

Abti yako,
Nunow